Kuzalisha sikilidi nyumbani: kutoka kupatana hadi vifaranga kuogelea

Ukinunua sikilidi (samaki wa jamii moja na sato na perege) dume mmoja na jike mmoja, ukawatia tangini na kusubiri mayai, mara nyingi utakachokipata ni jike aliyejibanza nyuma ya hita, mapezi yamechanika, haji kula. Sikilidi hawapandishwi kwa amri. Wengine huchaguana wenyewe na kuwa jozi, na wengine hawana jozi kabisa. Kazi ya mfugaji ni kupanga idadi, nafasi na maficho ili uchaguzi huo ufanyike bila mtu kuuawa.

Wa ndoa au wa mitala?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya pH (kipimo cha asidi ya maji) na kabla ya chakula. Wa ndoa ni wale wanaotaga juu ya jiwe, jani au ndani ya pango, kisha baba na mama wakalinda pamoja. Humo wamo enjelifishi (*Pterophyllum scalare*), diskasi, kribensisi (*Pelvicachromis pulcher*), sikilidi wa milia wa Amerika ya Kati (*Amatitlania nigrofasciata*) na Julidochromis wa Ziwa Tanganyika. Hawa ndio wanaohitaji kupatanishwa.

Wa mitala ni mbuna (sikilidi wa kwenye mawe) wa Ziwa Nyasa, furu wa Ziwa Victoria na wengi wengine wanaoatamia mdomoni. Dume hushika kiwanja, jike huja, hutaga, hukusanya mayai mdomoni, huondoka. Mkutano umeisha. Kwa samaki hawa, kuweka dume mmoja na jike mmoja ni kumtesa jike, kwa sababu ukali wote wa dume humwangukia yeye peke yake. Dume mmoja kwa majike watatu hadi watano ndiyo hesabu ya kawaida.

Apistogramma, sikilidi wadogo wa Amerika ya Kusini, wengi wako katikati: dume mmoja, majike wawili au watatu, kila jike na pango lake na mpaka wake. Na wapo wakaao kwenye makombe ya konokono, kama *Neolamprologus multifasciatus*, ambao huishi kwa makundi ya kiukoo. Hao watie sita au zaidi pamoja, watajipanga wenyewe.

Kupata jozi ya kweli

Njia ya uhakika ni kununua samaki wachanga sita wa spishi moja na kuwakuza pamoja. Kwa hesabu tupu, ukichukua wawili bila kuwajua jinsia, nafasi ya kupata dume na jike ni asilimia 50. Ukichukua sita, nafasi ya kuwa na angalau mmoja wa kila jinsia hupanda hadi karibu asilimia 97. Faida nyingine ni kwamba samaki waliokua pamoja wamekwisha kupimana nguvu wakiwa wadogo, wakati ambapo kuumwa si hatari.

Wakuze sita hao kwenye tangi la kutosha: lita 200 kwa enjelifishi, lita 150 kwa sikilidi wa milia, lita 100 kwa kribensisi. Sikilidi wa milia huweza kutaga akiwa na sentimita 4 au 5 tu. Kribensisi huchukua miezi sita hadi minane, na enjelifishi wengi huwa tayari wakiwa na umri wa miezi minane hadi kumi na miwili. Wakati wote huo, walishe vizuri na uwaangalie.

Jozi inapofungamana utaiona kabla ya mayai. Samaki wawili hujitenga na kushika kona. Wengine wakikaribia, hufukuzwa na wote wawili, si na mmoja. Hutetemesha vichwa wakitazamana, hupigana mikia ubavuni, huanza kusugua jiwe au kioo kwa midomo, au kuchimba mchanga na kuuhamisha kwa mdomo. Mara nyingine hushikana taya na kuvutana. Hilo huwatisha wafugaji wapya, wakakimbilia kuwatenganisha. Usiharakishe. Angalia anayeshindwa hufanya nini: akirudi na kusimama ubavuni mwa mwenzake, wanapimana na huenda wanaafikiana. Akikunja mapezi, rangi ikafifia, akakaa juu karibu na uso wa maji huku mwenzake akimfuata kila anapokwenda, mambo yamevunjika. Mtoe siku hiyohiyo.

Jozi ikishatulia, ni heri uwaondoe wale wanne wengine kuliko kuwahamisha hao wawili. Wakipelekwa tangi jipya hupoteza kiwanja walichokilinda pamoja, na kwa samaki wakali wa Amerika ya Kati hilo linatosha kumfanya dume amgeuke jike. Enjelifishi na diskasi huvumilia zaidi kuhamishwa.

Kuhusu jinsia: jike wa sikilidi wa milia ana doa la rangi ya chungwa tumboni, na dume ni mkubwa zaidi, mwenye mapezi marefu. Jike wa kribensisi ana tumbo la mviringo la rangi ya zambarau iliyokolea, naye dume ana pezi la mgongoni lililochongoka. Enjelifishi hawana alama ya kutegemewa mpaka karibu na kutaga, siku moja hadi tatu kabla, mrija wa uzazi unapojitokeza chini ya tumbo: wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba na uliochongoka. Majike wawili wa enjelifishi wanaweza kufungamana kama jozi, wakasafisha jani na kutaga wote wawili. Ukiona mayai mengi kupita kawaida, na yote yamekuwa meupe, hilo ndilo la kushuku kwanza.

Dume anapozidi ukali

Jike asipokuwa tayari na dume yuko tayari, jike hupigwa. Chukua wavu wa plastiki mgumu wenye matundu, ukate sawasawa na upana na kimo cha tangi, uligawe tangi katikati. Wakae wakionana kwa wiki moja au mbili huku ukimlisha jike vizuri. Atakaponona, akaanza kusafisha jiwe upande wake na kusogelea wavu badala ya kuukimbia, kata tundu linalompitisha yeye tu. Kwa kuwa dume ni mkubwa, jike ataingia na kutoka apendavyo. Mbinu hii haifai pale ambapo wawili hao wanalingana umbo. Hapo wavu mzima hubaki, na kwa baadhi ya jozi jike hutaga kando yake kabisa, mkondo wa maji ukapitisha mbegu za dume hadi kwenye mayai. Sehemu ya mayai hurutubika, si yote.

Dawa nyingine ni kuweka samaki wengine wadogo wenye mbio, waogeleao karibu na uso wa maji, sita au wanane. Wakiogelea kwa utulivu, sikilidi huona hakuna hatari, naye dume hupata wa kufukuza asiye mkewe. Jozi isiyo na adui wa pamoja mara nyingi hugeukiana. Ila samaki hao watakula vifaranga wanaotangatanga, kwa hiyo kwenye tangi la chini ya lita 100 waondoe siku mayai yanapoanguliwa.

Maficho yawe mengi kuliko samaki, na kila moja liwe na njia mbili za kutokea. Pango lenye mlango mmoja ni mtego kwa jike anayefukuzwa. Weka pia kitu cha kujikinga karibu na uso wa maji, kwa kuwa huko ndiko anayeshindwa hukimbilia.

Maji

Tangi lisilokomaa halizalishi. Chujio lipe wiki nne hadi sita lipate bakteria wake, mpaka vipimo vionyeshe amonia sifuri na nitriti sifuri (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki). Nitrati iwe chini ya miligramu 20 kwa lita. Kwenye tangi la kuzalishia tumia chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, kwa sababu halinyonyi vifaranga. Ukitumia chujio la nje, funga sponji kwenye mdomo wake wa kunyonyea.

Mbuna wanataka maji magumu (yenye madini mengi) ya pH 7.8 hadi 8.6, joto la nyuzi 24 hadi 27. Samaki wa Tanganyika wapo karibu na pH 9. Enjelifishi hufurahi kwenye 6.0 hadi 7.2 na nyuzi 27 hadi 29. Diskasi ndiye mwenye masharti makali: maji laini, pH karibu 6, nyuzi 28 hadi 30. Sikilidi wa milia huzaa karibu kwenye maji yoyote safi, na ndiyo maana anafaa kwa anayeanza.

Usikimbize namba kwa dawa za kushusha na kupandisha pH. pH inayoyumba kila siku huwadhuru samaki kuliko pH isiyolingana sana na kitabu. Kwa samaki wa maziwa ya Afrika, matumbawe yaliyopondwa au mawe ya chokaa ndani ya chujio hupandisha pH polepole na kuishikilia. Bikaboneti ya sodiamu nayo inafaa: gramu 3 kwa lita 100 huongeza ugumu wa kaboneti (unaoishikilia pH isiyumbe) kwa digrii 1. Ichanganye kwenye maji mapya, usiimwage tangini.

Kribensisi wana jambo lao. pH wakati vifaranga wangali wachanga huathiri jinsia yao: maji ya asidi huelekea kutoa madume wengi, maji yaliyopanda juu ya 7 huelekea kutoa majike. Anayetaka mchanganyiko hukaa karibu na 7. Kwa Apistogramma joto pia lina sauti, na likizidi madume huongezeka.

Maji ya bomba yaondolewe klorini. Kuyaacha wazi kwa saa 24 huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) haiondoki hivyo. Inahitaji dawa.

Kuwachochea watage

Kwa wiki mbili walishe mara mbili au tatu kwa siku, kidogokidogo na vya aina mbalimbali: dafnia (viroboto wa maji), atemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi), viluwiluwi vya mbu, punje bora za chakula cha samaki. Mbuna wao hula mwani, kwa hiyo wape chakula chenye spirulina kwa wingi. Ukiwajaza nyama ili wanone haraka watavimba tumbo, wataacha kula, na wengi hufa.

Kisha badilisha maji asilimia 30 hadi 50 kwa maji yaliyo baridi kidogo, nyuzi 2 au 3 chini ya yale ya tangini. Kwa samaki wa Amerika ya Kusini hiyo ni mvua imenyesha, na mara nyingi jozi iliyokuwa ikisitasita hutaga ndani ya siku mbili tatu. Kwa samaki wa Tanganyika usijaribu mshtuko huo. Kule ziwani maji hayabadilikibadiliki, nao huzaa kwa utulivu.

Mahali pa kutagia pafuate desturi ya samaki. Enjelifishi na diskasi huhitaji kitu kilichosimama: kigae kirefu cha upana wa sentimita 10 kilichoegemezwa kiooni, au bomba la plastiki lililosimama wima. Kribensisi na Apistogramma hupenda nusu ya kifuu cha nazi kilichopinduliwa, kikiwa na mlango wa sentimita 3 au 4. Mlango mwembamba humpa jike raha. Sikilidi wa milia hutosheka na chungu cha maua kilicholazwa ubavu. Elekeza mlango mahali unapoweza kuchungulia kwa pembeni, usiuweke uso kwa uso na njia ya watu. Kwa wa makombe, tandaza mchanga laini wa sentimita 5 na uweke makombe mawili au matatu kwa kila samaki. Watayafukia wapendavyo.

Mayai, na kwa nini huliwa

Mayai yaliyorutubika yana rangi ya kaharabu na yanapenyeza mwanga. Yaliyokufa huwa meupe kama chaki ndani ya siku moja, kisha huota kuvu inayosambaa kwa jirani zake. Kwa nyuzi 28, mayai ya enjelifishi huanguliwa baada ya saa 48 hadi 60. Kinachotoka hakijui kuogelea: ni kijiuzi chenye kifuko cha kiini, kimebandikwa kwa kichwa, kikitikisa mkia. Wazazi hukihamisha kutoka mahali hadi mahali kwa midomo. Hapo wengi hudhani watoto wanaliwa, wakaingiza mkono, na ndipo wanapoliwa kweli. Kuogelea huanza siku ya saba au ya nane tangu kutaga.

Jozi changa hula mayai yake ya kwanza. Hilo si kasoro. Wape nafasi tatu au nne kabla ya kuwahukumu. Wakiendelea, tafuta sababu: taa inayozimwa ghafla ikawaacha gizani (weka taa ndogo ya usiku), watu wanaopita karibu, samaki wengine tangini wanaowatia wasiwasi, njaa, au mayai yenyewe hayakurutubika, kwani wazazi huyasafisha mabovu kwa kuyala. Ikiwa yote yanaliwa siku ya pili baada ya kugeuka meupe, lawama si ya wazazi. Dume ni mchanga, ni majike wawili, au maji ni magumu mno kwa samaki wa maji laini.

Ukiamua kuyatoa mayai ya enjelifishi, andaa tangi la lita 10 hadi 20 kwa maji yaleyale ya tangi la wazazi na joto lilelile. Hamisha kigae haraka, kiegemeze mayai yakitazama chini kidogo, na uweke jiwe la hewa sentimita chache kando yake: maji yapite juu ya mayai, mapovu yasiyapige. Tia bluu ya methilini (dawa ya kuzuia kuvu) mpaka maji yawe ya samawati. Toa mayai meupe kwa pipeti kila siku. Wakianguliwa, badilisha maji kidogokidogo mpaka bluu ififie. Dawa hiyo isiingie tangi kuu, kwa kuwa huua bakteria wa chujio. Diskasi usiwafanyie hivi kama unaweza kuepuka. Vifaranga wao hula ute wa ngozi ya wazazi siku za mwanzo, na kuwalea bila wazazi ni kazi ngumu mno.

Baada ya mayai kuanguliwa, mwangalie mzazi wa pili. Jike wa kribensisi au Apistogramma anaweza kumfukuza dume bila huruma, na dume wa sikilidi wa milia anaweza kumsukuma jike watage tena kabla ya wakati. Anayepigwa hutolewa, na mmoja anayebaki hulea vizuri tu.

Waatamiao mdomoni

Kwa mbuna weka tangi la urefu wa sentimita 120 na zaidi ya lita 200, mawe yakiwa yamepangwa juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga ili wachimbaji wasiyaangushe. *Chindongo demasoni* ni mkali kwa samaki wa rangi yake mwenyewe. Weka kumi na wawili au zaidi ili ugomvi utawanyike, maana watatu au wanne huuana hadi abaki mmoja.

Dume na jike huzunguka kichwa kwa mkia. Jike hutaga machache, hugeuka kuyaokota, kisha hudonoa madoa ya mfano wa mayai yaliyo kwenye pezi la chini la dume, karibu na mkia, na hapo hupokea mbegu mdomoni. Siku zinazofuata kidevu chake huonekana kimejaa, hutafuna hewa, hakubali chakula. Hubeba kwa wiki tatu hivi, maji yenye joto yakifupisha muda na ya baridi yakiurefusha. Majike wa mara ya kwanza mara nyingi humeza mayai ndani ya siku chache. Watajifunza.

Ukimwacha tangini, vifaranga wachache watapona kati ya mawe. Ukitaka wengi, mhamishe kati ya siku ya 14 na 18, taa zikiwa zimezimwa, kwenye tangi la lita 40 lenye chungu cha kujificha. Kabla ya hapo huweza kutema au kumeza. Wafugaji wengine humtoa vifaranga kwa mkono siku ya 18 au baadaye: lowesha mikono, mshike juu ya bakuli la maji ya tangi, kichwa kikielekea chini, fungua mdomo taratibu kwa kijiti cha plastiki butu, uwashushe ndani ya maji. Usizidishe sekunde chache nje ya maji. Mama huyu amekaa njaa wiki tatu, kwa hiyo mlishe peke yake siku kadhaa kabla ya kumrudisha. Siku ya kumrudisha sogeza mawe machache na umtie taa zikiwa zimezimwa, la sivyo wenzake watampokea kama mgeni.

Epuka spishi mbili ambazo majike wao wanafanana. Maylandia, kundi la mbuna, hupandana ovyo, na furu ndio zaidi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza jinsi maji yaliyotibuka ya Ziwa Victoria yanavyowanyima majike uwezo wa kutofautisha rangi za madume, na spishi zikachanganyika. Taa za rangi za kupendezesha tangi zina athari kama hiyo, kwa hiyo tumia mwanga mweupe.

Kulisha vifaranga

Wasilishwe mpaka waogelee, maana kabla ya hapo kiini kinawatosha na chakula huozesha maji. Enjelifishi na kribensisi huanza na atemia walioanguliwa siku hiyo. Chukua lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi, gramu 1 hadi 2 za mayai ya atemia, hewa ya nguvu, nyuzi 27, taa karibu. Baada ya saa 24 hivi zima hewa kwa dakika kumi: maganda huelea, atemia hukusanyika chini. Wanyonye kwa mrija, uwasuuze kwa maji baridi, uwatie tangini. Vifaranga wakiwa na matumbo ya rangi ya chungwa, wamekula. Lisha mara tatu au nne kwa siku. Vifaranga wa mbuna hutoka wakiwa wakubwa na hukubali chakula kikavu kilichosagwa tangu siku ya kwanza.

Wengi wanaokufa katika wiki ya pili huuawa na maji. Nyonya mabaki ya sakafuni kila siku na ubadilishe asilimia 10 hadi 20 kwa maji ya joto lilelile. Wakifika sentimita 1 wagawe, kwa kuwa msongamano huwadumaza.

Sikilidi wa milia wanaweza kutaga tena vifaranga wa kwanza wakiwa na wiki nne hadi sita, na wakubwa wasipohamishwa wazazi watawashambulia. Kama huna pa kuwapeleka, tenganisha wazazi au ondoa mapango na ushushe joto hadi nyuzi 23. Vifaranga wasimwagwe mtoni wala ziwani kwa hali yoyote, hata kama spishi yao ilitoka humo.